Mashine ya Kumzidi Nathanaeli

Soni, 4 Machi 2002

Mpwa wangu Rahma,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ukiifungua tu barua hii utasema shikamoo. Mimi mjomba wako ni mzima, na Soni nayo ni nzima kwa sababu mimi ni mzima. Usicheke. Tangu serikali iachie biashara, hapa hakuna karoti inayoteremka Mombo bila mtu kuuliza kwanza, "Mgosi Kassimu amesemaje leo?" Mwezi uliopita Mzungu mmoja wa chai kutoka Mponde alisimamisha gari katikati ya barabara aniulize kama mvua itanyesha. Nikamwambia saa nane na robo. Ikanyesha saa nane na robo, tena upande wake tu.

Sasa sikiliza. Kuna mtu hapa anaitwa Nathanaeli, mtoto wa marehemu mwalimu Fanueli wa kule kanisani. Alikuwa Arusha, amerudi na kompyuta. Moja tu! Ameiweka kwenye chumba karibu na stendi, akapaka ukuta rangi ya bluu, akaandika "Huduma za Kisasa". Asubuhi anawapigia watu chapa barua, mchana anaweka gemu za magari na za mpira, na watu wazima na akili zao wanapanga foleni kama tulivyokuwa tukipanga foleni ya sukari enzi zile za maduka ya kaya. Yeye mwenyewe anachana nywele kwa maji mara tatu kwa siku. Mtu gani wa kazi anachana nywele mara tatu?

Nimeamua kuleta kompyuta ya gemu iliyo kubwa kuliko yake. Si wivu. Mimi nimwonee wivu mtu asiye na hata tenga moja la kabichi? Ni maendeleo. Watu wananisihi. Wanasema, "Kassimu, tutoe gizani." Hata mkaza mjomba wako amepita kwa huyo Nathanaeli mara mbili tatu, kuchapisha lebo za jemu ya kikundi chao cha akina mama, akakaa mpaka magharibi. Lebo! Chupa yenyewe kama ngumi ya mtoto. Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu.

Wewe unaunda kompyuta huko Kariakoo, mama yako ameniambia. Pesa za karoti za msimu huu ndizo hizo kwenye bahasha ya pili. Si nyingi, ila ni za jasho langu. Ninunulie skrini kubwa kuliko zote zilizopo Dar es Salaam. Na spidi. Vikiwepo hivyo viwili, vingine sina haja navyo.

Barua inakuja na Rajabu, dereva wa lori la mboga. Majibu mpe yeye huyo huyo. Simu ya mkononi mpaka upande kilima, na ukifika juu unakuta kijiji kizima kimekutangulia kusikiliza.

Mimi mjomba wako,
Kassimu Shekiondo


Dar es Salaam, 11 Machi 2002

Shikamoo mjomba,

Barua na bahasha vimefika vikinukia vitunguu. Mama anakusalimu. Amecheka sana hiyo ya Mzungu, ila anasema mwaka juzi ulipomsimulia mvua ilinyesha saa tisa.

Mjomba, naomba nikupinge kidogo kwa adabu. Skrini kubwa na spidi peke yake hazitengenezi mashine ya gemu. Nikueleze kwa kazi unayoijua. Wewe una waosha karoti kule kijitoni, una wanaopanga kwenye matenga, una wabebaji na una lori. Ukiajiri mwosha karoti hodari kuliko wote Tanzania, halafu wapangaji wako wamelala, karoti zitarundikana kijitoni na lori litasubiri. Kazi yote inakwenda kwa mwendo wa aliye mzembe kuliko wenzake.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu. Ramu ni meza ya kupangia: ikiwa finyu, kila kitu kinaanguka chini kinaokotwa upya. Kadi ya picha ndiyo inayochora yale magari, na kwa gemu huyu ndiye mtu wa kumlisha vizuri. Pawa saplai ndiyo ugali wa wote hao, na watu wengi wanaibania, kisha mashine inazimika gari likiwa kwenye kona. Kwa fedha uliyotuma nitachukua prosesa ya wastani, ramu ya kutosha, kadi ya picha nzuri kidogo, na skrini ya inchi kumi na tano. Hakuna kitakachomwaibisha mwenzake.

Vyote hivyo vinachomekwa kwenye ubao mmoja. Mafundi hapa wanauita mazabodi, lakini kwa Kiswahili chake hasa ni ubao mama. Huo hauchezewi. Ukiwa dhaifu, vilivyobaki havisemezani. Wiki hii sijapata ubao mama mzuri kwa bei yetu, na bila huo siwezi kuanza, kwa hiyo nivumilie.

Na unisamehe kwa kuuliza: hii mashine ni ya biashara, au kuna jambo jingine? Nikijua nani ataicheza, nitajua kuchagua.

Mpwa wako,
Rahma


Soni, 19 Machi 2002

Mpwa wangu Rahma,

Marahaba. Nimekuelewa vizuri sana, kwa kuwa mambo ya karoti hakuna wa kunifundisha. Ila la skrini hujanishawishi. Ya Nathanaeli ni inchi kumi na tano, nimeipima kwa macho dirishani, nikiwa napita tu. Mimi nami nilete ya inchi kumi na tano? Watu watasema tumelingana. Nataka ishirini na moja. Ikibidi, hiyo meza yao ya kupangia iwe finyu, tutainamia.

Kuhusu ubao mama, usihangaike tena. Nimekupatia. Umesema hauchezewi, uwe imara, tena uwe wa mama. Nikakaa nikafikiri: mama yupi? Nikakumbuka kitanda cha mama yangu, bibi yako, kile cha mti wa mkulo alichochongewa siku ya harusi yake. Mbao za siku hizi zinapinda hata ukiziangalia kwa jicho baya. Ule wa bibi yako umelaliwa miaka arobaini na haujalia hata siku moja. Nimeutoa ubao wa ubavuni, nimeupiga randa, nimeuacha na ile alama aliyoichoma kwa kibatari. Rajabu ameufunga juu ya kabichi. Chomeka hapo kila kitu, na ukihitaji misumari sema.

Unauliza nani ataicheza. Wananchi. Unauliza jambo jingine. Jambo jingine lipi? Nani amekuambia kuna jambo jingine?

Naandika nikiwa nimelala, mguu uko juu ya mto. Usimshtue mama yako. Juzi jioni nilikuwa natoka msitu wa Magamba, nikakutana na chui. Mkubwa, macho kama taa za lori la Rajabu. Mwingine angekimbia. Mimi nikamwambia kwa Kishambaa apishe njia, naye kumbe si wa huku, hakuelewa. Tukashikana. Yeye alikwenda na kofia yangu, mimi nikabaki na kifundo kilichoteguka. Ndiyo hivyo.

Mjomba wako,
Kassimu Shekiondo


Soni, 19 Machi 2002

Rahma mwanangu,

Hujambo? Barua hii inakuja kwenye lori moja na ya mjomba wako, ila Rajabu nimemwambia aiweke kwenye soksi. Usimwonyeshe mtu.

Kwanza nieleze, ubao wa kitanda cha bibi unakwenda kufanya nini Dar es Salaam? Jana nimekuja kutandika chumba cha wageni, godoro limeingia shimoni na mimi nyuma yake. Nikamwuliza, akasema, "Mambo ya kompyuta, hutaelewa."

Kompyuta ninaielewa kuliko yeye. Nilikwenda kwa Nathanaeli kuchapa lebo za jemu ya plamu. Mashine ya kuchapa ilikwama, nikawa nangoja. Secilia, mchumba wake Nathanaeli, yeye anauza soda humo humo chumbani, akaniambia, "Mama Idrisa, kaa hapa endesha gari." Mwanangu, miaka yote nimepanda na kuteremka milima hii juu ya magunia ya kabichi, nikishika kamba, nikiangalia kisogo cha dereva. Siku ile dereva ni mimi. Niligonga ukuta, nikagonga ng'ombe, nikaingia baharini, na hakuna aliyenifokea. Nilicheka mpaka ushungi ukadondoka. Tangu siku hiyo kila gulio napita kidogo.

Sasa yaliyotokea. Juzi jioni tuko ndani, mimi na Secilia, Nathanaeli hayupo kabisa, amekwenda Lushoto. Tukasikia kishindo nyuma ya dirisha, paa! Tukatoka. Kreti moja la soda limepasuka katikati, hakuna mtu, ila kofia ya mjomba wako imekaa juu ya mplamu. Nikaificha kwenye kikapu kabla Secilia hajaiona vizuri. Nikafika nyumbani, namkuta kalala, mguu umevimba kama mhogo. Akaniambia chui. Nikamkanda kwa maji ya moto. Nikamwuliza, "Huyo chui alikuwa wa rangi gani?" Akasema, "Wa kiume."

Nikimwambia nimejua, atakufa kwa aibu. Nikinyamaza, atakufa kwa wivu. Sasa hivi namkanda tu.

Mkaza mjomba wako,
Mwanaidi


Dar es Salaam, 28 Machi 2002

Shikamoo mjomba,

Pole sana kwa chui. Alikuwa wa rangi gani?

Ubao umefika salama. Nilikuwa dukani Rajabu alipouingiza begani, na wateja wakampisha wakidhani ni jeneza. Mjomba, kosa ni langu. Mazabodi si ubao wa mti. Ni kibati chembamba cha kijani, kimejaa vinundu na nyaya nyembamba kama nywele, kinaingia kwenye mkoba. Jina la "ubao mama" nililipenda mimi kwa sababu ni tamu mdomoni, nikasahau kwamba wewe una ubao na ulikuwa na mama. Mafundi wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nikaona ile alama ya kibatari. Nikamkumbuka bibi alivyokuwa akitusimulia gizani huku moshi unapanda. Nikatoka nje kidogo. Nitaurudisha, usiwe na wasiwasi.

Kuhusu skrini, naomba tena. Ukichukua ya inchi ishirini na moja, kadi ya picha tutakayoweza kununua itakuwa ile ya mwisho rafuni. Magari yatakwenda kwa kuruka ruka kama chura, na watu watasema, "Ya Kassimu ni kubwa lakini imelala." Nina uhakika na haya ninayosema. Hata ile ya Nathanaeli tuliiunda hapa hapa mwaka jana. Mimi ndiye niliyemchagulia vifaa, na fedha yake haikuwa kubwa kuliko yako. Inakwenda vizuri kwa sababu vimelingana.

Mpwa wako,
Rahma


Soni, 5 Aprili 2002

Rahma,

Kumbe!

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nimesimama. Kumbe ni wewe. Mimi nahangaika hapa usiku na mchana na adui wa nje, kumbe silaha ametengenezewa na damu yangu. Mtu baki, wala si Mshekiondo, umemchagulia kimoja kimoja, hiki kilingane na hiki, na kile kilingane na kile. Mimi mjomba wako naambiwa nichukue inchi kumi na tano kama yeye!

Sasa ninakuambia usilolijua. Hiyo mashine yako inamfanya mke wangu acheke. Nimesikia kwa masikio yangu, nikiwa napita. Hakucheka vile vicheko vya kumridhisha mgeni. Alicheka mpaka akakosa pumzi, akasema, "Jamani nisaidieni, nakufa!" Nyumbani kwangu hajacheka hivyo tangu mwaka wa El Nino, na siku hiyo alicheka kwa sababu niliteleza nikaingia mtaroni na gunia. Watu wanatoka Bumbuli kuja kunisikiliza nikisimulia, wanashika mbavu. Yeye anapita na sinia, anasema, "Hiyo nimeisikia," anaondoka.

Halafu kijana anakuja na kisanduku, na nywele zake za maji, bila hata kufungua mdomo, anamchekesha.

Usininunulie chochote. Rudisha pesa na ubao wa mama. Na siku utakapoolewa, ukitafuta mjomba wa kusimama mlangoni, mwite Nathanaeli.

Kassimu Shekiondo


Dar es Salaam, 15 Aprili 2002

Shikamoo mjomba,

Fedha sirudishi, kwa sababu zimekwisha. Kompyuta ipo tayari na inakuja Alhamisi na Rajabu, ndani ya maboksi mawili. Ubao wa bibi nimeulaza chini yake ili zile kona za kutoka Mombo zisiitikise.

Wewe ndiwe uliyenipa jibu la swali langu. Niliuliza nani ataicheza, sasa nimejua. Kwa hiyo skrini ni ya inchi kumi na tano, na uninunie ukipenda. Fedha iliyookolewa hapo imekwenda kwenye kadi ya picha iliyo bora kidogo kuliko ya Nathanaeli. Kidogo tu, lakini ni ukweli, unaweza kuutangaza gulioni. Kwa iliyobaki nimenunua pedi mbili, vile vishikio vya mkononi vya kuchezea. Nathanaeli anacho kimoja. Kwake mtu anacheza, wengine wanatazama. Kwako watu wawili wanaweza kushindana kwa wakati mmoja, skrini inagawanyika katikati.

Mjomba, sikukusudia kukuumiza. Nathanaeli alikuja dukani kama mteja yeyote, akaja na mchumba wake Secilia. Huyo ndiye aliyekuwa anachagua rangi ya kipanya cha kompyuta.

Mlangoni siku yangu utasimama wewe. Wa kumwita mwingine sina.

Mpwa wako,
Rahma


Soni, 6 Mei 2002

Mpwa wangu Rahma,

Marahaba, marahaba tena. Mashine imefika. Siku tulipoiwasha Soni ilisimama. Basi la Lushoto lilizima injini. Wakaja watu kutoka Mponde, kutoka Mlalo, akaja mzee mmoja anayesema ametembea kutoka Amani kwa miguu, nami sikumbishia. Nikatangaza habari ya kadi ya picha. Nathanaeli mwenyewe alikuja, na huyo Secilia wake, akainama akaangalia nyuma ya kisanduku, akasema, "Mgosi, hii imepangwa vizuri." Nikamwambia, "Mpwa wangu ndiye aliyeipanga." Akasema, "Hata yangu." Nikamkaribisha chai. Nywele zake ukizitazama kwa karibu si nyingi.

Ubao wa mama sikuurudisha kitandani. Nimeupigia miguu minne, umekuwa benchi, na alama ya kibatari iko juu. Unatosha watu wawili, wa tatu anadondoka. Siku za gulio tunawapa wateja zamu yao. Jioni tukishafunga, anakaa mkaza mjomba wako upande wa kulia, mimi kushoto. Anawasha yeye, mimi ile swichi ya nyuma huwa naisahau. Gari lake ni jekundu. Mimi nilipewa la bluu, sikulipenda, nikabadilisha.

Hajawahi kunishinda. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu. Wewe nakuambia kwamba anasubiri kwenye kona ya mwisho, ananiacha nimkaribie, halafu ananisukuma baharini. Kila siku. Nami nikizama nasema maneno, basi hapo anaanza. Anacheka mpaka anajishikilia begani kwangu. Jana umeme ulikatika katikati ya mchezo, tukabaki gizani kwenye benchi, na bado anacheka. Nikamsimulia ile ya Mzungu na mvua. Hakusema ameisikia. Aliuliza, "Mara hii ilinyesha saa ngapi?"

Ile karoti yako ya aliye mzembe kuliko wenzake, nimekuwa nikiifikiria. Nyumbani humu vilikuwemo vyote, kulikuwa na kimoja tu kinachorudisha kazi nyuma. Sitaki kusema kipi.

Kuna jambo moja la mwisho, na baada ya kulisoma barua hii uichome. Wiki iliyopita nimeikuta kofia yangu, ile aliyokwenda nayo chui, imetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Imefuliwa. Sijauliza, naye hajasema. Nimeivaa nikaenda gulioni.

Basi wewe ujue, asijue mwingine. Magamba siku ile sikufika. Nilikuwa nyuma ya dirisha la Nathanaeli, nimesimama juu ya kreti la soda, nikimsikiliza mke wangu anavyocheka, nikasogea kidogo nimwone na uso. Chui hakuwepo. Nilianguka, mwanangu. Na kreti lenyewe lilikuwa tupu.

Mimi mjomba wako,
Kassimu